Siku Moja Katika Darasa la Awali



Katika vijiji vingi wazazi wana lalamiko moja. Wanasema: "Tulimpeleka mtoto darasa la awali ili ajue kusoma. Sasa miezi mitatu imepita. Kila siku akirudi tunamwuliza, umejifunza nini leo? Anajibu, tumecheza." Baba anakunja uso. Mama anafikiri ni afadhali mtoto abaki nyumbani, amlee mdogo wake au afukuze ndege shambani.

Lalamiko hili si la kuchekwa. Ni kweli kwamba katika shule za serikali darasa la awali halina ada tangu Januari 2016. Lakini mzazi amenunua sare na daftari. Tena amekosa mikono ya kumsaidia nyumbani. Ana haki ya kuuliza mtoto wake anafanya nini huko kila asubuhi.

Basi leo twende darasani pamoja. Tumfuate mtoto wa miaka 5 tangu anapoamka mpaka anapolala. Tutazame michezo yake, na tuulize: mchezo huu unamsaidiaje kujua kusoma? Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa afya, tutauliza swali jingine pia: mwili wa mtoto unahitaji nini ili aweze kuucheza mchezo huo? Mtoto mzima hucheza bila kuambiwa. Mtoto akikaa pembeni wenzake wakicheza, iko sababu. Mara nyingi sababu hiyo imo mwilini mwake, na mara nyingi inatibika.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Ni saa 12 na nusu asubuhi. Mtoto ameamka. Jana usiku alikula ugali saa 2. Kama atakwenda shule bila kula, na uji wa shule uko saa 4, atakuwa amekaa na njaa kwa saa 14. Wewe mtu mzima ukilima saa 14 bila chakula, utashika jembe vizuri? Hutalishika.

Mtoto naye ana kazi nzito, ingawa haonekani akitoa jasho. Ubongo wake unakua. Afikapo miaka 5 au 6, ubongo wake umefikia karibu sehemu 9 katika 10 za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika umri huo ubongo hutumia sehemu 4 hivi katika kila sehemu 10 za nguvu inayotoka katika chakula. Kwa hiyo mtoto mwenye njaa kwanza hukosa akili ya kusikiliza. Miguu yake bado ina nguvu ya kutembea, lakini macho yake yanasinzia.

Si lazima chakula hicho kiwe cha gharama. Kiazi kitamu kilichochemshwa, muhogo na maziwa, au kikombe cha uji vinatosha. Kiporo nacho kinafaa, lakini kipashwe moto mpaka kichemke ndani, si juu juu tu. Chai ya rangi peke yake si chakula.

Mwoshe uso kwa maji safi, na hasa pembe za macho. Nzi wanaokaa kwenye matongo hubeba ugonjwa wa trakoma kutoka mtoto hadi mtoto. Taulo moja la nyumba nzima hufanya kazi hiyo hiyo. Trakoma ikirudiarudia kwa miaka mingi, kope hugeukia ndani na kuchubua jicho mpaka mtu anapofuka.

HABARI ZA ASUBUHI

Saa 2 watoto wameketi juu ya mkeka, wamefanya duara. Mwalimu anauliza: leo ni siku gani? Jua limetoka au kuna mawingu? Nani hakuja? Kisha anamwambia kila mmoja atoe habari ya nyumbani kwao.

Mtoto mmoja anasimama. Anasema: "Jana mbuzi wetu alizaa. Kwanza alilia. Halafu kikatoka kitoto kimoja. Halafu kingine. Baba akaleta majani."

Ukipita nje ya dirisha utasema hayo ni maongezi tu. Lakini sikiliza tena. Mtoto amepanga mambo: kwanza, halafu, mwisho. Ametafuta maneno na kuyapata. Siku atakaposoma habari kitabuni, atajua kwamba habari ina mwanzo na inakwenda mahali. Mtoto ambaye hajapata kusimulia jambo anaweza kutamka herufi zote za ukurasa na asijue ukurasa umesema nini. Wako hata watu wazima wanaosoma namna hiyo.

Labda nyumbani kwenu mnasema Kisukuma, au Kigogo, au Kiha, na mtoto hajui Kiswahili vizuri. Usiache kumsimulia hadithi kwa lugha yenu kwa kuogopa kumchanganya. Anayejua kusimulia kwa lugha moja ana urahisi wa kusimulia kwa lugha ya pili. Kiswahili atakipata shuleni kwa wenzake, na atakipata upesi.

MAKOFI NA MASIKIO

Sasa mwalimu anaanza mchezo wa makofi. Anataja neno, watoto wanalikata kwa makofi. Ma-ji: makofi mawili. Ki-be-ri-ti: makofi manne. M-to-to: wengine wanapiga mawili, wengine matatu. Wanabishana na kucheka. Mwalimu anawaonyesha kwamba ni matatu, kwa sababu ile "m" ya mwanzo inasimama peke yake.

Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unakumbuka ulivyoanza. Mwalimu aliandika ba, be, bi, bo, bu ubaoni. Ulishangaa neno ulilolisema maisha yako yote linavyoweza kukatwa vipande. Mtoto huyu anavikata vipande hivyo leo kwa mikono, kabla hajaona herufi hata moja. Atakapofika darasa la kwanza, silabi zitakuwa rafiki zake wa zamani. Lugha yetu imefanyika kwa silabi, na mtoto anayezisikia vizuri ameshavuka nusu ya mto.

Baadaye unakuja mchezo unaopendwa kuliko yote. Mwalimu anataja wanyama kwa haraka. Akitaja mnyama anayeliwa, watoto wanaruka. Akitaja asiyeliwa, wanatulia. Ng'ombe! Wanaruka. Kuku! Wanaruka. Fisi! Aliyeruka ametoka mchezoni. Hapa mtoto anajifunza kusikiliza neno mpaka mwisho kabla ya kufanya jambo, na kuuzuia mwili wake. Atauhitaji ustadi huo miaka yote ya shule.

Halafu mwalimu anataja maneno yanayofanana. Fua na vua. Kula na kura. Paka na baka. Watoto waseme kama yako sawa au yana tofauti.

Na hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Ninaona hapa ndipo watoto wengi wanapopotea, na wazazi na walimu hawajui.

Tofauti ya fua na vua ni ndogo sana. Sikio zima linaikamata. Sikio gonjwa haliikamati. Mtoto anaambiwa "vua" naye anasikia "fua". Anajibu vibaya. Wenzake wanacheka. Kesho anasogea nyuma. Keshokutwa hajibu kabisa. Mwalimu mwenye watoto wengi anamwandika kwamba ni mzito wa akili. Nyumbani anaitwa mara tatu haitiki, anachapwa kwa ukaidi. Mtoto huyo si mzito wala si mkaidi. Ana usaha sikioni.

Ugonjwa wa sikio kwa watoto mara nyingi huanza na mafua. Vijidudu hupanda kutoka puani na kooni kwa kupitia mrija mdogo mpaka ndani ya sikio. Usaha unajaa, sikio linauma, mtoto analia usiku. Ndani ya sikio kuna utando mwembamba uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Usaha ukizidi, utando huo unatoboka, usaha unatoka nje na maumivu yanapungua. Mzazi anafikiri mtoto amepona. Kumbe ngoma imetoboka, na ngoma iliyotoboka hailii vizuri. Sikio likitoa usaha kwa siku 14 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu na unaweza kuharibu usikivu kabisa.

Mzazi afanye nini? Ampeleke zahanati mara aonapo usaha au mtoto akilia kwa maumivu ya sikio. Mganga akieleza namna ya kukausha sikio, fuata hivi: chukua kitambaa laini na safi, kisokote kama utambi, kiingize polepole, kikinyonya usaha kitoe na uweke kingine mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu au zaidi kwa siku, kisha tia dawa ya matone uliyopewa, kama umepewa. Usiache kitambaa wala pamba ndani ya sikio. Usitie mafuta, wala maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala mkojo. Usichokonoe kwa kijiti cha kiberiti. Mtoto asiogelee mpaka apone. Na ukiona uvimbe nyuma ya sikio pamoja na homa, usingoje kesho. Hiyo ni hatari.

Unaweza kumpima mtoto wako leo jioni. Simama nyuma yake, hatua tatu au nne, asikuone mdomo. Kwa sauti ya chini mwambie jambo la kufurahisha: "Kuna ndizi jikoni." Mtoto anayesikia atageuka. Asipogeuka, rudia siku nyingine. Asipogeuka tena, mpeleke akapimwe, na umweleze mwalimu amketishe mbele.

UJI WA SAA 4

Kengele imegongwa. Watoto wanakwenda chooni, kisha kunawa. Kama shule haina bomba, kibuyu chirizi kinatosha. Ni dumu dogo lenye tundu, limetundikwa juu ya mti, lina kamba na kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Mtoto hashiki dumu kwa mikono michafu. Watoto wanakipenda kwa sababu nacho ni mchezo. Wazazi wawili wanaweza kukitengeneza kwa saa moja. Sabuni itundikwe pembeni. Ikikosekana, majivu safi yanasaidia.

Uji wa mahindi matupu unashibisha kwa muda mfupi tu. Kwa kila vikombe 4 vya unga tia kikombe 1 cha karanga zilizosagwa. Kama yako maziwa, yatiwe. Lakini jihadhari na karanga na mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu huo una sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua kwa sumu hiyo na 20 walifariki. Kuchemsha hakuiondoi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe. Usiseme "hizi zitafaa kwa uji wa watoto". Mtoto ana mwili mdogo, na sumu kidogo kwake ni nyingi.

Kila mtoto awe na kikombe chake. Kikombe kimoja kwa watoto kumi ni njia ya kugawana kikohozi na kuhara.

UWANJANI

Baada ya uji ni kukimbia. Wengine wanaruka kamba, wengine wanaruka kwa mguu mmoja, wengine wanacheza rede kwa mpira wa matambara. Wanaimba wakizunguka, wameshikana mikono.

Je, kukimbia kunahusiana nini na kusoma? Jaribu kuandika huku umesimama kwa mguu mmoja. Mkono utatetemeka. Mtoto asiyeweza kuutuliza mwili wake hawezi kuutuliza mkono wake. Mgongo na mabega yakipata nguvu, ataweza kukaa wima na kushika penseli bila kulala juu ya daftari. Katika kuruka na kuzunguka anajifunza pia mbele na nyuma, juu na chini, kulia na kushoto. Bila hayo herufi b na d zitamsumbua, kwa maana tofauti yake ni upande tu.

Mtazame sasa yule aliyekaa chini ya mwembe. Wenzake wanamwita, haendi. Akikimbia kidogo anahema. Geuza kiganja chake utazame. Vuta chini kope la chini utazame ndani. Pakiwa peupe badala ya pekundu, damu yake imepungua.

Upungufu wa damu una sababu nyingi. Kwa watoto wetu zilizo kubwa ni malaria, minyoo na chakula. Minyoo ya safura huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu isiyo na viatu, mahali watu wanapojisaidia ovyo. Ikifika tumboni hunyonya damu. Dawa ya minyoo hugawiwa shuleni, nayo mtoto aimeze. Lakini kama hakuna choo, ataipata tena. Katika chakula mtoto anahitaji madini ya chuma. Yamo katika dagaa, maini, nyama, maharage, kunde na mboga za majani. Kamulia limau juu ya mboga au mpe chungwa baada ya chakula, na mwili utayapokea vizuri zaidi. Chai pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo chai inywewe wakati mwingine. Mtoto mwenye dalili hizi apelekwe zahanati apimwe damu.

Neno moja kuhusu vitu vya kuchezea. Vizibo vya soda, magunzi, mbegu, vijiti na mpira wa matambara ni vifaa vizuri, na havinunuliwi. Lakini makopo na chupa za dawa ya pamba au dawa ya kuogeshea ng'ombe visichezewe hata vikioshwa. Betri za redio pia zisichezewe. Maharage na mbegu ndogo zisipewe mtoto anayependa kutia vitu puani na masikioni. Kwenye sehemu zenye ziwa au madimbwi, watoto wasicheze majini. Humo mna kichocho, na wako wanaozama.

UDONGO, MCHANGA NA PENSELI

Sasa watoto wamekaa kivulini na donge la udongo wa mfinyanzi kila mmoja. Wanafinyanga ng'ombe, chungu, nyoka. Mmoja amekunja nyoka wake akawa kama o. Mwalimu anamwambia: hiyo ni o. Mtoto anacheka. Ameandika herufi ya kwanza bila penseli.

Wazazi wengi wanataka penseli siku ya kwanza. Hebu kumbuka tena ulivyojifunza wewe. Mkono uliozoea jembe ulikataa penseli. Vidole vilikakamaa, penseli ikatoboa karatasi. Nawe ulikuwa na mifupa ya mtu mzima. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Kwa mtoto wa miaka 5 baadhi yake bado ni gegedu, yaani ile nyama ngumu inayotafunika kwenye kifua cha kuku. Vidole vyake bado havina nguvu ya kazi ndogo ndogo. Ukimlazimisha kujaza kurasa mbili za a, a, a, atashika penseli kwa ngumi nzima, mkono utauma, na ataichukia. Mazoea mabaya ya kushika hudumu.

Udongo unavipa vidole nguvu. Kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kutunga shanga, kucheza mdako wa vijiwe: yote ni mazoezi ya vidole. Katika mdako mtoto anarusha kijiwe, anakusanya vingine, anadaka kabla hakijaanguka. Mkono na jicho vinafanya kazi pamoja, na hesabu imo ndani yake. Kisha anaandika kwa kidole mchangani. Akikosea anafuta kwa kiganja, hakuna anayemwonyesha alama nyekundu. Penseli inakuja baadaye, na ikija mkono uko tayari.

Kama mtoto anatumia mkono wa kushoto, mwache. Si ugonjwa wala si utovu wa adabu. Ukimfunga mkono huo au kumchapa, unamchelewesha kuandika.

Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25. Katika shule nyingi za vijijini utamkuta mwalimu mmoja na watoto 80 au zaidi. Mwalimu huyo hawezi kugawa udongo, kunawisha mikono na kusikiliza habari za wote. Ndiyo maana wengine hurudia ubaoni, watoto wakaimba herufi kwa pamoja kutwa, maana ni rahisi kuwatuliza hivyo. Kijiji kinaweza kumsaidia. Bibi anayejua hadithi aje asubuhi moja kila wiki. Mfinyanzi alete udongo. Wazazi wapeane zamu ya kupika uji na kusimamia unawaji. Jambo hili lipelekwe kwenye kamati ya shule, lisiachwe kuwa manung'uniko ya kilabuni.

KITABU CHA PICHA

Saa 5 na nusu, jua limepanda. Watoto wamechoka. Mwalimu anakaa na kitabu kikubwa cha picha. Anawaonyesha jalada. Anafungua upande wa kulia, anapitisha kidole chini ya maneno toka kushoto kwenda kulia. Anauliza: mnadhani sungura atafanya nini? Watoto wanabahatisha. Wanafungua ukurasa waone.

Mtoto aliyezaliwa katika nyumba isiyo na kitabu hajui kwamba yale madoa meusi ndiyo yanayosema. Anadhani mwalimu anasoma picha. Siku anapogundua kwamba ni madoa, na kwamba yanasema maneno yale yale kila mara, anaanza kuyataka. Herufi ya kwanza anayoitaka huwa ile ya jina lake.

Mtazame mtoto wakati wa picha. Je, anasogea mpaka pua iguse kitabu? Anakunja macho? Anainamisha kichwa upande? Anaruka picha ndogo ambazo wenzake wanaziona? Mfunike jicho moja, umwonyeshe kitu cha mbali, kisha jicho la pili. Akilia au kukataa unapofunika jicho moja tu, yawezekana lile lingine halioni. Mtoto mwenye makengeza asiachwe kwa kusema yataisha yenyewe. Akitibiwa mapema, kabla hajafika miaka 7 hivi, jicho hupona vizuri zaidi. Na ukiona weupe ndani ya mboni, mpeleke hospitali bila kuchelewa.

JIONI NYUMBANI

Mtoto amerudi. Usimwulize: "Umejifunza nini?" Swali hilo ni kubwa kwake, ndiyo maana anajibu "tumecheza". Mwulize: "Mmecheza mchezo gani? Nionyeshe." Atakata maneno kwa makofi mbele yako. Cheza naye. Taja neno, apige makofi. Taja vitu vya jikoni vinavyoanza kwa sauti moja: sufuria, sahani, sukari.

Gazeti hili nalo, ukimaliza kulisoma, lisiende kufungia chumvi siku hiyo hiyo. Mketishe mtoto pembeni. Soma kwa sauti, hata kama unasoma polepole. Pitisha kidole chini ya maneno. Mwonyeshe herufi ya jina lake, kisha azitafute nyingine kama hiyo ukurasani. Labda unaona haya kwa sababu unasoma kwa kusitasita. Mtoto haoni kusitasita. Anaona mama yake anasoma, au baba yake anasoma.

Msome kabla giza halijaingia. Moshi wa kibatari huwasha macho na kifua, na kibatari kikianguka huunguza. Kama iko taa ya sola, itumieni hiyo.

Halafu mtoto alale. Katika umri wa miaka 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Ubongo hupanga na kuhifadhi mambo ya mchana wakati mtoto amelala, yakiwemo makofi yote yale na ile o ya udongo. Mtoto anayekesha kwenye video ya mtaani au ngomani atasinzia kesho juu ya mkeka. Achomeke chandarua chenye dawa chini ya godoro au mkeka pande zote. Akiingia saa 2 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, amepata saa zake 10.